Wawindaji Ndani ya Mpunga

Mpunga ukianza kuiva, Mwanahawa na mumewe Huseni huhama nyumba yao. Watoto huwaacha kijijini Dimani kwa bibi yao, ili waende shule. Wao wawili hushuka bondeni na kuishi juu ya dungu mpaka mavuno yaishe. Dungu lao ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Ukiwa juu yake unaliona shamba lote.

Kazi ya bondeni haina mapumziko. Alfajiri wanakuja ndege. Mwanahawa huwapigia kelele, huwarushia udongo kwa kombeo, tena huwatukana. Jioni wanakuja nguruwe pori. Huseni hugonga debe na kuzungusha kijinga cha moto. Kati ya ndege na nguruwe kuna kupika, kuchota maji na kutafuta kuni. Mtu akikuambia mkulima wa bondeni anakaa bure, mpeleke akaamie ndege siku moja tu.

Mwaka huu Mwanahawa alikuwa mkali kuliko kawaida. Mwaka uliopita mafuriko yalichukua mpunga wao wote. Familia ilikula unga wa kuombaomba kwa ndugu. Hafsa, mtoto wao mkubwa, alizoea kurudi kutoka shule na kuuliza kama kuna chakula. Swali hilo lilimchoma mama yake. Basi Mwanahawa aliapa kwamba mpunga wa mwaka huu utafika nyumbani, hata ikibidi aulalie.

Huseni naye aliutaka mpunga. Lakini Huseni alikuwa na tatizo lake. Hakujua kusema hapana. Ukimwomba moto, anakupa moto na kuni. Ukimwomba njia, anakupa njia na kukusindikiza. Watu humsifu kwa wema. Wanaomsifu hawaishi naye.

Asubuhi moja walitokea vijana kadhaa na kundi la mbwa. Pikipiki zao walikuwa wameziacha barabarani. Walibeba mikuki, mapanga na nyavu. Hawakupita pembeni. Walikatiza katikati ya mpunga mpaka chini ya dungu. Aliyetangulia alikuwa amevaa kofia kisogoni.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mnatoka wapi?"

"Kibiti, mzee. Mimi naitwa Mudy. Tumesikia huku nguruwe wanawatesa. Sisi tunawinda nguruwe tu. Tunawapiga, tunawabeba, tunawaachia amani yenu."

Uso wa Huseni uling'aa.

"Nguruwe? Alhamdulillahi! Wachukueni wote. Sisi hatuwali, na wametumaliza."

Mwanahawa alishuka ngazi, kombeo mkononi.

"Mudy si ndiyo Muhammad?" aliuliza.

"Ndiyo, maza."

"Na unabeba nguruwe?"

"Mimi sili, maza. Napeleka mjini tu. Ni mishe."

"Mishe," alirudia Mwanahawa. Alimgeukia mumewe ili wacheke pamoja. Mumewe hakuwepo. Alikuwa anachochea moto wa chai ya wageni.

Vijana walikunywa chai. Walikula mihogo iliyokuwa ya mchana. Kisha waliingia kwenye matete na mbwa wao, wakatoka na nguruwe mmoja. Huseni alifurahi mno. Wakati wa kuagana aliwaambia maneno ambayo mkewe hatayasahau.

"Njooni siku yoyote. Hapa ni kwenu."

Siku yoyote! Sisi watu wa huku tunasema hivyo kwa adabu. Anayeambiwa anashukuru, na anajua asirudi kesho. Lakini vijana wale walikuwa wa mjini. Waliambiwa siku yoyote, na siku yoyote wakaja.

Walikuja Jumatatu. Walikuja Jumanne na wenzao wapya. Mbwa walikimbizana ndani ya mpunga. Mahali walipopita palilala, na mpunga uliolala hauinuki. Katikati ya shamba ikatokea njia pana, nyeupe, kama ya kwenda gulioni.

"Waambie," Mwanahawa alimwambia mumewe.

"Nitawaambia."

Mudy alipokuja tena, Huseni alikohoa.

"Mpunga wa mwaka huu umesimama vizuri, eh?" alisema.

"Umesimama freshi kabisa, mzee!" alijibu Mudy, huku ameukanyaga.

"Nasikia kule kwenye tuta kuna njia nzuri."

"Inazunguka sana ile, mzee. Hapa ndiyo karibu."

Wakapita. Huseni alirudi chini ya dungu akiwa ameridhika.

"Nimemwambia," alisema.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kule kuna njia."

"Baba Hafsa, huko ni kumwambia?"

"Mtu mwenye akili angeelewa."

"Basi zungumza naye kama mtu asiye na akili! Mwambie, Mudy, toka kwenye mpunga wangu!"

"Mke wangu, wale ni wageni. Halafu wanatuondolea nguruwe."

Mwanahawa alitaka kulia kwa hasira. Alikwenda kwa jirani yao, Hemedy, ambaye shamba lake limepakana na lao. Alitegemea jirani angemuunga mkono.

"Waacheni vijana," alisema Hemedy. "Tangu waje, kwangu nguruwe wamepungua."

"Kwako wamepungua kwa sababu watu wanapita kwangu!"

"Vumilia, shemeji. Mavuno yamekaribia."

Vumilia, vumilia. Hilo ndilo neno tunalopeana huku kila jambo linapotushinda, na anayelitoa mara nyingi hana mpunga uliolala.

Kesho yake Mwanahawa alikwenda kuchota maji. Kwenye njia ya kisima mguu wake ulinaswa. Aliinama, akaona kitanzi cha waya kimefungwa kwenye kichaka. Alikuwa na bahati, kwani waya ulishika kiatu tu. Aliukata kwa kisu na kuurusha juu ya paa la dungu. Jioni alimuuliza Mudy.

"Waya ule juu ya paa ni wako?"

"Ni wa nguruwe, maza. Usiogope."

"Waya unamjua nguruwe? Ungenikata mguu!"

"Pole, maza. Tutatega mbali kidogo."

"Nimekwambia utege?"

Mudy alimtazama Huseni. Huseni alitazama mbinguni, kana kwamba mvua inataka kunyesha.

"Twende kwa mtendaji wa kijiji," Mwanahawa alimwambia mumewe usiku huo.

"Tutawaaibisha wageni," alijibu Huseni. Akajifunika shuka.

Ijumaa, Huseni alipanda kijijini kwa swala. Mwanahawa alikwenda naye kuwaona watoto. Walimwomba Hemedy aangalie shamba, ndege wasiingie. Mwanahawa alitangulia kurudi. Alipokaribia dungu aliona moshi. Vijana walikuwa wamekaa kwenye mkeka wake. Jiko lilikuwa linawaka. Juu ya jiko palikuwa na sufuria yake kubwa, ile ya wali. Ndani ya sufuria mlikuwa na nyama inachemka.

Mwanahawa hakuuliza ni nyama gani. Kichwa cha nguruwe kilikuwa pembeni ya mkeka.

"Ya Rabi!" alipiga kelele. "Sufuria yangu! Ya wanangu!"

Mudy alisimama haraka.

"Samahani, maza. Wenzangu walikuwa na njaa. Tutaiosha kwa sabuni."

"Sabuni? Jina lako Muhammad, hujui nguruwe haoshwi kwa sabuni tu? Nitaiosha mara saba, na mara moja kwa udongo! Mnajua maji nayatoa wapi? Mtanichotea nyinyi?"

Alimwaga nyama chini. Mbwa waliigombania. Alishika sufuria kwa kijiti, akaibeba mbali na mwili wake, akaenda nayo kisimani. Njia nzima alikuwa anasema. Alimsema Mudy, akamsema Hemedy aliyeambiwa aangalie shamba akatazama ndege tu. Lakini aliyesemwa zaidi alikuwa Huseni.

Huseni alifika akamkuta Mudy amejiinamia.

"Mzee, tumemuudhi mama. Utusamehe."

"Hasira zake zitapoa," alisema Huseni. Kwa kweli yeye ndiye aliyeona haya. Mgeni kufokewa kwake! Alitafuta neno la kuponya aibu ile.

"Basi tunaondoka," alisema Mudy. "Ila mzee, tuhifadhie furushi hili. Pikipiki zimejaa. Kesho mchana tutalipitia."

Huseni hakuuliza ndani mna nini. Alifurahi kupata nafasi ya kuwatendea jema. Vijana walipandisha furushi juu ya dungu, likawekwa nyuma ya magunia matupu. Mwanahawa aliporudi na sufuria yake, hakuambiwa kitu.

Jumamosi asubuhi walifika watu wengine. Mmoja alikuwa Ismaily, mtendaji wa kijiji. Wengine wawili walikuwa askari wa wanyamapori kutoka wilayani. Mkubwa wao alikuwa mwanamke aliyeitwa Faraja. Mkononi alishika nyaya alizozitoa vichakani.

"Hodi hapa," alisema Faraja. "Tumefuata njia. Inaanzia kwenye mitego, inapita katikati ya mpunga, inaishia chini ya dungu lenu. Naomba tuangalie juu."

"Karibuni," alisema Huseni. Hata askari aliwakaribisha.

Askari mwenzake Faraja alipanda ngazi. Alishuka na furushi. Alilifungua juu ya mkeka. Mlikuwa na nyama kavu ya paa, ngozi zake, na nyaya zilizoviringishwa.

Mwanahawa alilisogelea furushi, akamtazama mumewe.

"Vitu hivi ni vya nani?" aliuliza Faraja.

"Vya wageni," alisema Huseni.

"Wageni gani?"

"Mudy na wenzake."

"Mudy nani?"

"Mudy tu."

"Anakaa wapi?"

"Kibiti."

"Kibiti sehemu gani?"

Huseni alifikiri.

"Mjini," alisema.

Faraja alifumba macho kidogo, kama mtu anayeumwa kichwa.

"Mzee, hujui jina lake lote. Hujui anakaa wapi. Hujui amefungasha nini. Lakini umemwekea mzigo ndani ya nyumba yako?"

"Aliniomba, afande."

"Sasa sikiliza. Nyama ya mnyama wa porini isiyo na kibali imekutwa kwako. Sheria inamwangalia kwanza aliyekutwa nayo. Itabidi twende ofisini ueleze. Maelezo yasipotosha, tutakwenda Kibiti kituoni."

"Kituoni!" Mwanahawa alidakia. "Afande, mpunga huu unavunwa wiki hii! Mimi peke yangu nitashika ndege, nitashika nguruwe, nitashika kisu? Mwaka jana tumelala na njaa. Mkimchukua huyu, mpunga utaanguka wote!"

Machozi yalimtoka. Alikuwa na uchungu juu ya mpunga, na alikuwa na hasira juu ya mumewe, na hakujua aanze na lipi. Kisha alijifuta uso. Alieleza yote tangu mwanzo. Alieleza chai, njia, sufuria. Alimwambia askari atazame juu ya paa, na askari akaukuta ule waya alioukata.

"Na wenye furushi watarudi lini?" aliuliza Faraja.

Mwanahawa alimgeukia mumewe. Huseni alijibu kwa sauti ndogo.

"Leo mchana."

Faraja alipiga simu. Wenzake wengine wakaja wakakaa barabarani, mahali vijana walipozoea kuacha pikipiki. Huseni alipelekwa ofisi ya kijiji, na baadaye Mwanahawa akamfuata. Mchana vijana walikuja kama walivyosema, wakakamatwa na mitego yao. Walipofikishwa ofisini, Huseni alifarijika. Alijua Mudy atasema kweli.

"Mzee ndiye aliyetuita," alisema Mudy. "Alisema tuje siku yoyote. Na furushi si letu. Tumelikuta kwake."

Huseni alimkodolea macho mgeni wake. Chai yake yote, mihogo yake yote, na malipo yakawa hayo.

Wakati huo Hemedy aliingia ofisini. Mwanahawa alikuwa amempitia shambani kwake na kumwambia wazi alichokifikiria juu yake. Hemedy alivua kofia.

"Afande, nilikuwa naangalia ndege," alisema. "Niliwaona kwa macho yangu. Furushi lile walikuja nalo wao kutoka porini, wakalipandisha wao."

Mudy alitazama chini. Mmoja wa wenzake alianza kusema ukweli ili ajiokoe, na baada ya hapo wote wakawa wanasema. Wakapelekwa Kibiti. Huseni aliandikisha maelezo, akaambiwa atakuja kuitwa kama shahidi. Jua lilikuwa limeshazama alipoachiwa. Ndege walikuwa wamekula mpunga siku nzima bila mtu wa kuwafukuza.

Jumapili Ismaily aliwaita wakulima wote wa bondeni chini ya dungu la Huseni. Faraja alikuwepo. Hakuja kubembeleza mtu.

"Mzee Huseni," alianza, "nguruwe wa porini ni wa nani?"

"Wa Mungu."

"Kweli. Na kwa sheria za nchi ni mali ya umma, chini ya serikali. Hata akiwa amelala ndani ya mpunga wako. Kwa hiyo huwezi kumgawa. Uliwapa wale vijana kitu kisicho chako."

"Lakini afande, sisi hatuwali!"

"Sheria haiulizi kama unamla au humli. Kuwinda bila kibali ni kosa. Kutega nyaya ni kosa. Na waya hauchagui. Ulitegewa nguruwe, ukamnasa paa, ukataka kumnasa mkeo."

Hemedy hakutulia.

"Kwa hiyo nikae nimtazame nguruwe anakula mpunga wangu?"

"Nimesema hivyo? Mfukuzeni. Pigeni debe, washeni moto, pigeni kelele. Wakizidi, mwambieni mtendaji, naye atatupigia simu. Kushughulikia wanyama waharibifu ni kazi yetu."

"Mkichelewa?"

"Tukichelewa, tupigieni tena. Tusumbueni! Mnanishangaza. Mnawavumilia watu wanaowaharibia, halafu mnaona haya kumpigia simu mtu ambaye kazi yake ni kuwasaidia."

Watu walicheka. Hemedy alicheka kidogo tu.

"Na mtu akiingia shambani kwangu bila ruhusa, nifanye nini?" aliuliza Mwanahawa. "Mimi nilikuwa nafikiria kumchimbia shimo."

"Usichimbe shimo. Usimpige, usimtegee. Ukimuumiza, kesi inageuka na mshtakiwa unakuwa wewe. Mwambie kwa maneno yaliyo wazi kwamba humruhusu, na atoke. Usikohoe. Usimsifie njia nyingine." Hapo Faraja alimtazama Huseni. "Akikataa, au kama ana silaha na unamwogopa, usibishane naye. Angalia wako wangapi, wana sura gani, wameelekea wapi. Kisha toa taarifa siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa mtendaji. Mlisubiri mno."

"Na mizigo yao?" Mwanahawa aliuliza makusudi, ili mumewe asikie.

"Msiipokee. Hata kiberiti."

"Kuna wawindaji wenye vibali lakini," alisema mzee mmoja.

Ismaily alijibu hilo.

"Mwenye kibali anapita ofisini kwangu na kukionyesha. Kisha anaomba ruhusa ya mwenye shamba. Shamba ni la mtu. Anayenikwepa mimi, jueni ana sababu." Halafu naye akawageukia wakulima. "Ila na nyinyi mna lenu. Mashamba yenu hayana mpaka unaoonekana. Mgeni atajuaje la mtu linaanzia wapi? Na majirani wanaokwenda kuteka maji wapite wapi, kama kila mmoja anapita anapotaka?"

Walibishana mpaka adhuhuri. Kila mtu alitaka njia ipite kwa mwenzake. Mwishowe Mwanahawa alisimama, akasema njia ipite juu ya tuta, kwa sababu huko hakuna mpunga wa mtu. Walikubali kwa kuwa walikuwa wamechoka kubishana.

Kazi ilianza siku hiyohiyo. Walifyeka njia ya tuta. Walipigilia vigingi kwenye mipaka na kuvipaka chokaa. Huseni alichonga ubao, na Hafsa, aliyeshuka kutoka kijijini, akauandika kwa herufi kubwa: SHAMBA LA MTU. USIPITE. USIWINDE. Walifyeka matete ya pembeni, ambamo nguruwe walikuwa wanajificha mchana. Wakapangana zamu. Kila jioni, mmoja anakesha huku, mwingine kule, na debe likilia kwa Hemedy, linajibiwa kwa Huseni.

Nguruwe hawakwisha. Ni nani aliyewahi kumaliza nguruwe? Kundi moja kubwa lilirudi, wakulima wakampigia simu Faraja. Hakuja. Wakampigia tena. Safari hii alikuja na wenzake, wakalifukuza mpaka mbali. Usiku uliofuata bonde lilikuwa kimya.

Mavuno yakaanza. Mwanahawa aliingia shambani na kisu chake tangu kulipopambazuka. Ile njia pana katikati ya shamba haikuwa na kitu, na kila alipoifikia aliivuka upesi. Lakini pande zote mbili mpunga ulisimama mzito. Magunia yalipanda kijijini kwa baiskeli, moja baada ya jingine.

Siku ya mwisho kilibaki kipande kidogo karibu na mpaka. Ndipo mbwa walipobweka. Wanaume watatu wasiowajua walisimama kwenye vigingi. Walikuwa na mikuki. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mpole wa sauti.

"Assalaam aleikum, ndugu yangu," alisema.

"Wa aleikum salaam," alijibu Huseni.

"Poleni na mavuno. Mashaallah, mmepata. Tunaomba tupite tu hapa, tukaangalie nguruwe kule. Tutawasaidia na nyinyi."

Maneno yalikuwa matamu, na salamu ilikuwa ya heshima. Mwanahawa aliinuka, kisu mkononi. Aliutazama mdomo wa mumewe. Alisubiri kikohozi.

"Hapana," alisema Huseni.

Sauti ilitoka ndogo. Akairudia kwa nguvu zaidi.

"Hapana, ndugu yangu. Shamba hili ni langu. Siruhusu kupita wala kuwinda. Kama mna kibali, nendeni kwa mtendaji kwanza. Njia ni ile ya kwenye tuta."

"Dakika moja tu, ndugu yangu."

"Hapana."

"Kwani nguruwe hawakusumbui?"

"Wananisumbua sana. Hapana."

Wanaume walinong'onezana. Yule mwenye ndevu aliutazama ubao, akamtazama na Hemedy, ambaye alikuwa amesimama kwake na debe mkononi. Wakawaita mbwa wao. Walizunguka kwa njia ya tuta na kurudi walikotoka. Huseni alitoa simu papo hapo, akamweleza Ismaily wako wangapi na wameelekea wapi.

Alipoirudisha simu mfukoni, alimgeukia mkewe.

"Mama Hafsa," alisema, "nimekosa adabu?"

"Umekosa kidogo."

"Alinipa salamu vizuri. Sikumpa hata maji."

"Ndiyo, hukumpa," alisema Mwanahawa. Kwa mara ya kwanza tangu mpunga uanze kuiva, alimcheka mumewe bila hasira. "Lete gunia, jua linapanda."

Walimaliza kile kipande kabla ya alasiri. Huseni alilifunga gunia la mwisho kwenye baiskeli na kuanza kulisukuma kwenda Dimani. Mwanahawa alitembea nyuma, na njia nzima hakuuondoa mkono wake juu ya gunia.